Mpiga Kasia wa Filamu ya Waingereza

Wageni wa nyumba yangu huwa nawajua kabla hawajashusha mizigo. Wapo wa utafiti wa mbu, wapo wa kununua mpunga, wapo wa kujenga barabara, na wapo wanaotaka chumba kwa muda mfupi tu wakidhani mwenye nyumba ni kipofu. Yule mzee wa Kiingereza hakuingia kwenye kundi lolote. Alishuka kwenye bajaji na begi dogo la nguo na bahasha kubwa aliyoikumbatia kifuani, akaniuliza kama mto uko mbali. Sikumuuliza mto upi. Hapa Lumemo tuna wetu mdogo, unaoingia mpaka chumbani masika yakizidi, lakini mtu hatoki Ulaya kwa ajili ya huo.

Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Nisidanganye, nimechoka siku zote. Nimeshavuka sitini, magoti yamegoma, nina vyumba vya kufagia na mashuka ya kufua kwa mkono, na binti yangu Edna yuko Dodoma, kila akipiga simu ananiambia, "Mama, pumzika," kama vile kupumzika kunauzwa sokoni na mimi ndiye bahili. Kwa hiyo nilimpa mgeni ufunguo, nikamwonyesha ndoo ya maji, nikaenda kukaa.

Aliitwa Graham, nasi tukamwita Bwana Gremu. Kiingereza changu nilikiokota kwa masista wa Kizungu niliowapikia miaka mingi. Ni cha jikoni lakini kinafika. Asubuhi yake, akinywa chai, alinieleza kilichomleta. Kwao alikuwa dereva wa basi. Alipostaafu, na mkewe akafariki, alianza kutafuta mahali palipopigwa filamu za zamani za Kiingereza na michezo ya televisheni aliyoitazama akiwa mtoto. Anachukua picha moja kutoka kwenye filamu, anautafuta ukuta ule ule, daraja lile lile, kituo kile kile cha treni, anasimama pale aliposimama mwenye kamera, kisha anapiga picha ya kwake. Basi. Halafu anarudi nyumbani.

Nilimuuliza anapata nini. Alifikiri kidogo, akasema anapata kujua kwamba palikuwepo.

Filamu iliyomleta kwetu ilikuwa ya mwindaji na binti wa daktari. Waingereza waliipiga bondeni hapa uhuru ukiwa bado mbichi. Ndani yake mto wetu hauitwi Kilombero. Wameupa jina la mto wa nchi nyingine kabisa. Nilicheka niliposikia hivyo. Hata mto nao uliigiza, na sidhani kama ulipewa hata chai.

Akafungua bahasha, akanipangia picha mezani, kila moja imevikwa nailoni isipate maji. Twiga. Mzungu na bunduki. Binti wa daktari, nywele zimechanwa vizuri mno kwa mtu aliyepotea porini. Kisha akaweka nyingine, nami nikakaa.

Ilikuwa ya kijana ndani ya mtumbwi. Kofia ya ukindu imesogezwa nyuma, kasia mkononi, anacheka meno yote nje. Nyuma yake milima.

Baba yangu, Kelestini, alikuwa mvuvi. Mimi nilikuwa bado tumboni Waingereza walipokuja na mashine zao, wakataka mtu wa kupiga kasia mbele ya kamera, wakamchukua yeye. Mama alikuwa akilisimulia jambo hilo mara kwa mara, na halikubadilika neno: siku moja, pale Kivukoni, jioni baba akarudi na mkate wa Wazungu kwapani. Masika yaliyofuata homa ikamchukua. Mimi sikuwa nimeota jino. Picha yake haikuwepo popote, si ya harusi, si ya kitambulisho. Kaburi lenyewe mto wetu wa Lumemo ulishalibeba, msalaba na udongo wake. Na mama aliyemjua kwa sura tulimzika mwaka juzi.

Mtu aliyekua bila baba huambiwa kila siku kwamba wamefanana. Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote, na sijawahi kuwa na cha kulinganishia.

"Huyu ni baba yangu," nilimwambia Bwana Gremu.

Aliweka kikombe chini. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nami mara zote mbili nikasema ndiyo. Akaniambia majina ya wenyeji hayakuandikwa mwishoni mwa filamu, ingawa jina la mwenye mbwa liliandikwa. Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu, kwa hiyo siku hiyo alikula wali mkavu.

Picha alinipa. Niliipeleka mjini kwa wapiga picha, wakaikuza, wakaitia fremu, nikaitundika sebuleni karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Jirani yangu Bernadetha alikuja kuiona, akaipindia shingo huku na huku.

"Pua hiyo hiyo," akasema. "Na masikio. Mama Edna, umetemwa kinywani mwa huyu mzee."

Alipoondoka nilichukua kioo. Pua niliiona kweli. Anayetaka kuona pua ataiona tu.

Nikaenda parokiani kuandikisha misa ya kumwombea baba, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na nikaomba ruhusa picha iwekwe mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Nikampigia Edna aje na watoto. Nilimwambia, "Njooni mumwone babu yenu." Sijawahi kutamka sentensi iliyonipa raha kama hiyo. Usingizi ulinipata vizuri wiki ile, mimi ambaye huwa nageuka kitandani kama chapati.

Ila Bwana Gremu hakuwa amemaliza kazi yake, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Siku za kwanza tulikwenda Kivukoni, kwa gari la Beatus, mpwa wangu, pikapu yake ya kubebea mpunga. Zamani watu walivuka hapo kwa pantoni, sasa kuna daraja kubwa, na gari linapita bila hata kuusalimia mto. Bwana Gremu alikuwa na namna yake ya kufanya. Ananyoosha mkono na picha mbele ya uso, anafumba jicho moja, anasogea kushoto, anasogea kulia, anarudi nyuma hadi anamkanyaga mtu. Watoto walimfuata, kisha nao wakachoka. Jua likiwa kali mimi nilikaa juu ya begi lake na kanga kichwani, nikijiuliza nani alinituma.

Shida yake ilikuwa hii: kwao kuta hazihami. Mtu anapiga filamu mbele ya duka, na duka lipo mpaka leo, limebadilishwa rangi tu. Kwetu nyumba za tope zilishayeyuka, miti imekwisha kwa mkaa, na mto wenyewe unalala huku mwaka huu na kule mwaka ujao. Nilimwambia kwamba bondeni hapa kitu kisichohama ni milima. Akaniangalia kama mtu aliyepewa maji. Tangu hapo hakutazama tena ukingo wala mti. Alitafuta mstari wa milima tu.

Kwa njia hiyo alipata sehemu moja. Ndani ya filamu kuna mahali mpiga kasia anashuka mtumbwini, anajitwika sanduku begani, anaupanda ukingo na kuondoka. Ni mgongo tu, sekunde chache. Mbele yake, mbali, ipo milima ya Mahenge. Tuliikuta milima hiyo ikiwa imekaa vile vile, na sisi tumesimama ndani ya mabua ya mpunga uliovunwa, mto umeshasogea mbali na pale. Bwana Gremu alipiga picha yake, akavua kofia. Mimi nikamwambia twende, watu wa jua la saa sita ni vichaa na wavuvi.

Lakini ile picha ya baba akicheka haikukubali. Alizunguka nayo Kivukoni siku baada ya siku.

"Sio hapa," akasema mwishowe. "Milima ya kwenye picha iko karibu mno."

Kweli ilikuwa karibu. Nyuma ya mtumbwi imesimama kama ukuta wa nyumba. Nilijua ni ipi tangu siku ya kwanza: ni Udzungwa, tena kwa ubavu wake wa huko juu, Mngeta kuelekea Mlimba. Nilijua, nikanyamaza, maana mama alisema siku moja, pale Kivukoni. Nikajiambia mama alikuwa mzee. Nikajiambia siku moja ya mtu aliyefurahi inaweza kuwa tatu. Mtu akishatundika fremu ukutani huwa na majibu mengi.

"Hakuna mtu aliyekuwepo, aliye hai?" Bwana Gremu aliuliza.

Alikuwepo mmoja, Agapiti, rafiki wa baba, aliyehamia Mngeta zamani. Sikuwa nimemtaja kwa sababu Agapiti ni mtani.

Ukoo wake na wetu ni watani tangu kale. Mtani anaweza kukutukana mbele ya padri, akaingia jikoni akala nyama yako, ukamkaribisha na mchuzi. Msibani ndiye mwenye kazi kubwa: anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai ugali kwa sauti yake, mpaka waliokuwa wakigaragara chini wanashika mbavu. Agapiti alimwigiza baba siku ya maziko. Mama alisema alimpatia mno, hata yeye mjane akajikuta amemwitikia. Huyo ndiye Agapiti. Ukitaka kucheka mwendee, ukitaka kulia mwendee. Ukitaka ukweli, mtani humwendei. Hiyo haikuwa kazi yake hata siku moja.

Hata hivyo tulikwenda, Jumamosi, siku moja kabla ya misa. Niliifunga fremu ndani ya kanga nikaipakata. Nilitaka aione, na kusema kweli nilitaka nimringishie.

Barabara ya Mngeta sitaisimulia. Aliyeipita anaijua, na asiyeipita ashukuru. Vumbi liliingia kwenye meno. Malori ya mpunga yalitusukuma pembeni, ng'ombe wa Wasukuma wakatusimamisha, na kila shimo magoti yangu yalilihesabu. Bwana Gremu alishika paa la gari kwa mkono mmoja na bahasha kwa mwingine. Njiani Edna akapiga simu: wameshapanda basi, watoto wamevaa vizuri, mdogo anauliza babu anafananaje. Nikamwambia aache kunisumbua, gari linaruka.

Tulimkuta Agapiti barazani kwa binti yake Rosa, amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, anamenya karanga. Amekauka, amebaki mifupa na macho. Macho yenyewe bado makali.

"Shikamoo, mtani," nilisema.

"Marahaba. Nani huyo? Nasikia harufu ya ukoo unaokula kambale na matope yake."

"Ni mimi Balbina, wa Kelestini. Nimepita kuona kama umeshaoza."

"Bado. Nawasubiri nyie mtangulie." Akamtazama Bwana Gremu kuanzia viatu. "Na huyu ndiye bwana harusi? Umechelewa kumtafuta, lakini si haba, ana kofia."

Rosa alituletea viti na maji, akicheka. Nami nilicheka. Uchovu ulinitoka kidogo, maana hakuna mtu aliyebaki wa kunitukana hivyo. Nikafungua kanga, nikampa fremu.

Aliisogeza hadi karibu na pua. Kidole chake kikapita juu ya kioo, kwenye kofia, kwenye shati, kikasimama kwenye meno.

"Mbona mmenitia kwenye fremu?" akasema. "Nimekufa bila kuambiwa?"

Rosa akacheka sana. Mimi pia, kwa adabu.

"Huyo ni baba, Agapiti."

"Huyu ni mimi."

"Haya, ni wewe. Na mimi ni binti wa daktari. Sasa tuambie, Wazungu walipigia wapi picha hiyo?"

"Nakwambia ni mimi, Balbina." Akairudisha fremu mapajani mwangu. "Sikiliza. Mpunga ulikuwa umeiva, na nguruwe walikuwa wanaingia. Baba yako alikuwa na dungu lake la kulindia shamba huko ng'ambo, analala juu humo, anapiga debe na kupiga kelele usiku kucha. Wazungu wakamchukua siku ya kwanza, pale Kivukoni, akabeba sanduku lao. Jioni wakamwambia, kesho tunapanda juu, tunataka milima ile mikubwa ionekane, na wewe twende, siku kadhaa. Akasema hawezi. Mama yako alikuwa na mimba yako, akiba ndani hakuna. Akaniambia, 'Filamu hailiwi, mtani. Nenda wewe, umeshazoea kuniiga.' Akanivua shati langu, akanivalisha lake. Kofia yake hiyo hapo. Nikaja huku, nikapiga kasia kama yeye, nikacheka kama yeye."

"Na Wazungu?"

"Hakuna aliyeuliza. Kwao sisi wote tulikuwa mtu mmoja." Akatupa ganda la karanga. "Shati la baba yako, kofia ya baba yako. Meno ni yangu. Yalikuwa mazuri, yaangalie."

Hasira ilinipanda, na sioni aibu kuisema. Nilimwambia leo si siku ya utani, kesho ni misa, watoto wangu wako njiani, awe na huruma.

"Sitanii," akasema.

"Hivyo ndivyo mtani anavyosema."

"Hapo umenishika," akasema polepole. "Sina namna ya kukuapia."

Bwana Gremu alikuwa akitutazama kwa zamu kama mtu anayeangalia mpira. Aliuliza mzee anasema nini. Nilifungua mdomo nimweleze, nikakuta sitaki maneno hayo yawepo kwa lugha ya pili. Nikamjibu tu kwamba anasema ni huku huku. Akaruka kutoka kitini kama kijana. Agapiti akanyoosha kidevu: nyuma ya mashamba yale makubwa, pale mitumbwi inapofungwa, hata sasa inafungwa.

Tulikwenda na Beatus mpaka gari likakataa, kisha tukatembea. Ukingoni palikuwa na mitumbwi miwili na mwanamke anafua. Bwana Gremu akanyoosha mkono na picha, akafumba jicho, akasogea kushoto. Safari hii hakurudi nyuma. Alisimama ghafla, akaniita kwa sauti ndogo.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya bega lake. Kwenye picha, juu ya kofia ya yule kijana, mlima una pengo, baada ya pengo nundu mbili, kisha unashuka kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Juu ya mto, mbele yetu, pengo, nundu mbili, mgongo wa ng'ombe. Aliposhusha picha milima ilibaki pale pale, ikiendelea na mambo yake. Milima haina utani na mtu.

Kwa hiyo ilipigwa huku, na baba huku hakuja. Siku moja, pale Kivukoni, jioni akarudi na mkate. Mama hakuwa amekosea. Usiku uliofuata mwenye meno hayo alikuwa huku na Wazungu, na baba yangu yuko juu ya dungu anapiga debe, afukuze nguruwe, ili mimi nizaliwe nikute wali.

Nilikaa chini kwenye matope makavu. Nililia, na mwanamke aliyekuwa akifua akaacha kufua. Nilimlilia mtu niliyemtundika sebuleni wiki nzima, nikamsalimia kila asubuhi, nikamwambia habari za mama, na kumbe ni Agapiti.

Bwana Gremu alikuwa na furaha yake usoni na hakujua aiweke wapi. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba msamaha, nikamwambia hakukosa kitu, yeye alikuja kutafuta mlima na mlima ameupata. Kisha akatoa kompyuta yake ndogo ya kushika mkononi, akatafuta, akaikinga jua kwa kofia, akanipa.

Ilikuwa ile sehemu ya Kivukoni. Mtu anashuka, anajitwika sanduku, anapanda ukingo, anaondoka. Niliirudia. Bega la kushoto limeshuka, mguu mmoja unatupwa nje kidogo kila hatua. Hageuki. Niliirudia mpaka Bwana Gremu akasema betri inakwisha. Nikamuuliza kama mbele kidogo hageuki. Akasema hapana, hapo wanakata, anaonekana simba.

Tuliporudi barazani Agapiti alikuwa amemaliza karanga. Nikaketi karibu naye, bila matusi.

"Ni kweli," nilisema.

"Pole, mwanangu."

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu. Nikamuuliza, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki duniani wa kuulizwa, "Alikuwa na sura gani?"

Alifumba macho. Nilisubiri. Rosa alipita na ndoo, akarudi nayo ikiwa tupu, na baba yake alikuwa bado amefumba macho.

"Nimesahau," akasema. "Nikimtafuta naona hiyo fremu yako. Najiona mimi. Msibani nilimwigiza, kwenye pombe nilimwigiza, watu wakitaka kucheka wananiambia, 'Agapiti, tufanyie Kelestini.' Miaka yote hiyo. Sasa hiki kicheko sijui ni changu au chake. Nimemtumia mpaka kaisha."

Nilisema tu, "Kesho nitaweka nini mezani?"

"Niweke mimi. Padri mwenyewe wa juzi, hamjui yeyote."

Nikacheka huku pua inanitiririka. Nikamwambia nitaweka kitambaa cheupe peke yake, na watoto nitawaambia babu yao alikuwa shambani. Akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Kisha akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Watani zangu wa ukoo wenu wamekwisha," akasema. "Nimewahesabu, umebaki wewe. Nikifa nani ataniigiza?"

"Usianze. Mimi mwanamke, tena magoti mabovu."

"Magoti mabovu ndiyo yanayotakiwa. Unataka nizikwe kimya, kama mbwa?"

Nilikuwa nimechoka. Barabara yote ile ilikuwa bado inanisubiri, misa, mashuka, Edna na maswali yake. Nilitaka kukataa, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Agapiti alikuwa ameshamwita Rosa, ameshikwa kwapa, anasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akamwondoa Rosa kwa mkono.

"Angalia vizuri," akasema. "Sitaweza kurudia."

Akaanza kuuvuka uwanja, mgongo kwetu. Alikwenda taratibu, fimbo hakushika. Bega la kushoto limeshuka. Mguu mmoja ukatupwa nje kidogo, ukarudi, ukatupwa nje tena. Bwana Gremu, aliyekuwa akifunga bahasha yake, akaacha kufunga.

"Agapiti," nilisema. "Huo mwendo ni wako?"

Hakugeuka.

"Sijui, mtani. Jifunze hivyo hivyo."

Niliilaza fremu juu ya kanga, nikaingia uwanjani, nikasimama nyuma yake, nikashusha bega.